Mtori Ambao Mzazi Hakuuomba

Kamera ilikuwa sebuleni, ndani ya saa ya ukutani, na wageni hawakuambiwa. Huo ndio ubaya wenyewe, hauna kona. Mtu alilipia nyumba Marangu, akafunga mlango, akavua viatu, akadhani yuko peke yake na watu wake. Kumbe huko chini Rau, nyuma ya kaunta ya mgahawa, Ebenezeri anamwangalia kwenye simu.

Ebenezeri hakuwa mtu wa kuchungulia. Waliopanda naye mlima enzi za upishi wake watakuambia hivyo. Alikaa kambi moja na wageni wa kila taifa, wanaume kwa wanawake, na hakuna aliyewahi kumlalamikia hata kwa jicho. Lakini sifa za zamani hazimfutii mtu alichofanya jana, na hili alilifanya.

Nyumba yenyewe iko juu kidogo ya barabara ya lami, katikati ya migomba na mibuni. Baba yake aliijenga kwa hela ya kahawa, enzi kahawa ilipokuwa kahawa, msimu mmoja unaezeka bati, unasomesha mtoto, na bado mzee anabaki na cha kumnunulia mama kitenge. Ebenezeri alizaliwa humo. Shule aliiacha mapema akaanza kubeba mizigo ya watalii, kisha akawa mpishi wa kambi, na kila aliposhuka mlimani, kabla hata ya kunawa vumbi, alipita kwa mama. Mama hakuuliza kileleni kulikuwaje. Aliuliza, "Umekula?" Amwulize hivyo mtu aliyetoka kupikia watu wiki nzima! Naye mtu mwenyewe akajibu, "Bado, mama," hata kama tumbo limejaa, akakaa pembeni ya moto akangoja sahani.

Mtu aliyelelewa kwenye nyumba ya namna ile haponi. Blanketi zilinuka moshi wa kuni za mibuni, na harufu hiyo ilikwenda na watoto mpaka shuleni, mwalimu akawa anawatambua kwa pua. Asubuhi waliamshwa na mama akiwagombeza kuku, halafu wimbo wa kanisani kwa Kichagga, chini chini, huku anamenya ndizi. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu wa ndizi mwaka mzima. Ikifika Desemba, watoto waliotawanyika wakirudi wote, nyumba ilijaa mpaka watu wakalala juu ya magunia ya kahawa, na hakuna aliyesema pamebana.

Mama alipofariki walimzika pale pale kihambani, kwenye shamba la ukoo, ubavuni mwa nyumba. Baada ya siku za msiba kila mtu alishika njia yake. Ndugu mmoja yuko Mwanza, mwingine Dar, Ebenezeri mwenyewe magoti yalikuwa yamekataa mlima akafungua mgahawa Rau. Aliyebaki Marangu ni dada yao, Ndelilio, mwenye nyumba yake ndogo ng'ambo ya mfereji wa maji, na ng'ombe mmoja mkaidi.

Nyumba ya mlimani ikikosa moto haichukui muda. Ukungu unapanda ukutani, mchwa wanakula miimo ya milango, popo wanaingia darini, na mwaka wa tatu watu wanaanza kuiita gofu. Ebenezeri aliziona nyumba kama hizo njia nzima, nyumba za wazee waliojenga kwa jasho, zimefungwa kufuli, nyasi zimefika dirishani. Alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani: nyumba ya mama isifungwe.

Binti yake Stella ndiye aliyeleta wazo la kuipangisha kwa wageni wa siku chache kupitia mtandao. Walipaka rangi, wakaweka choo cha ndani, wakavunja ukuta kati ya jiko na sebule ili mtu apike huku anaongea na wenzake. Ndelilio akawa ndiye mwenyeji. Anafua mashuka, anapokea wageni getini, anawapa ufunguo, na kwa kila mmoja anasema maneno yale yale, "Karibuni sana, hapa ni nyumbani kwa mama yetu, jisikieni kwenu." Alikuwa anayasema kwa moyo. Na wageni walikuwa wanaandika mtandaoni kwamba mama wa getini ana roho nzuri.

Kilichoharibu mambo ni kigoda. Vijana fulani walikuja Pasaka, wakanywa, kuni zikawaishia, wakachoma kigoda cha mama. Kigoda cha miguu mitatu, kimechongwa kutoka gogo moja, alichokalia mama kumenya ndizi tangu Ebenezeri hajajua kutembea. Ndelilio alikuta mguu mmoja kwenye majivu, akalia. Ebenezeri hakulia. Alikwenda mjini akamtafuta Antoni, kijana anayefunga kamera kwenye maduka.

Antoni alifunga kamera moja getini. Ebenezeri akamwambia anataka nyingine sebuleni, isiyoonekana.

"Mzee, hii ya getini sawa," Antoni alisema. "Ya ndani achana nayo."

"Kwa nini?"

"Hao wa mtandao hawataki. Nje ruksa, ilimradi uandike kwenye tangazo. Ndani hapana kabisa. Wakijua wanakufuta."

"Nyumba ni ya nani?"

"Ya kwako, mzee."

"Basi funga."

"Haya. Mimi fundi tu. Siku ukisulubiwa usinitaje."

Wakacheka. Antoni akaleta saa ya ukutani yenye tundu dogo kwenye namba kumi na mbili, akaitundika mbele ya jiko, akaweka namba ya siri, akamwonyesha mzee namna ya kufungua kwenye simu. Wakanywa chai. Ndelilio aliiona ile saa akaisifia kwamba ni nzuri, na kaka yake akaacha isifiwe.

Mwanzoni alikuwa anaangalia kwa ajili ya ulinzi. Huo ni ukweli. Anafungua, anahesabu viti, anafunga. Lakini siku moja ilikuja familia kutoka Arusha, na mtoto wao akakimbia kutoka mlango wa chumbani mpaka jikoni, akateleza kwenye sakafu mahali pale pale ambapo Ebenezeri na wadogo zake walikuwa wanateleza, akaanguka kwa matako, akacheka. Ebenezeri aliirudia picha ile mpaka ndizi zikamwungulia jikoni. Baada ya hapo hakuwa analinda tena. Alikuwa anakwenda nyumbani. Mchana wateja wakipungua, anajiegemeza kwenye kaunta, anafungua simu, anakuta watu wanapika kwa mama yake, mvuke unapanda, mlango wa nyuma uko wazi na migomba inaonekana imelowa mvua. Wazee wawili wa Kizungu walikaa wiki nzima wakicheza karata karibu na moto, na yeye akawa kama yuko nao, anasubiri nani atashinda.

Mkewe, Winfrida, alianza kuuliza.

"Baba Stella, bando la jana limekwenda wapi?"

"Naangalia mpira."

"Mpira wa saa nne asubuhi?"

"Marudio."

"Marudio yanakufanya utabasamu hivyo? Hiyo timu naomba niijue."

Ndipo akaja Hilaria.

Alikuja mwezi wa masika, yeye na mumewe, na kwenye mtandao waliandika watu wazima wawili, mwezi mzima. Mume, Msukuma mrefu aitwaye Maduhu, alishuka garini peke yake akapokea ufunguo kwa Ndelilio huku mvua inanyesha. Mke alibaki ndani ya gari, amejifunika. Ndelilio akafikiri mama wa watu ana homa, akawaacha wapumzike.

Hakuwa na homa. Alikuwa na mtoto mchanga.

Ebenezeri alimwona mtoto siku ile ile. Na kwa kuwa kamera ilikuwa na sikio pia, alisikia yasiyomhusu. Hilaria alikuwa wa Kilema, si mbali na pale. Mama yake alishafariki, na kaka zake walikuwa wameiuza nyumba waliyozaliwa. Alikuwa amepoteza watoto wawili kabla ya huyu, wote wakiwa wachanga, na wote wawili alikuwa amewatangaza mapema. Huyu wa tatu alikataa kumtangaza. Hata kazini kwake Dodoma walijua anaumwa tu. Alitaka alee uzazi wake mlimani, kama alivyolelewa mama yake na bibi yake, na kwa kuwa hakuwa na nyumba ya kwao, akapanga ya watu.

"Pananukia kama kwa mama," alimwambia mumewe jioni ya kwanza, amesimama katikati ya sebule, amefumba macho. "Maduhu, nusa. Moshi na ndizi."

"Nanusa. Kwetu ingekuwa ng'ombe na ng'ombe."

"Usimwambie mtu mpaka afikishe miezi mitatu."

"Nimwambie nani? Hizi ndizi?"

Kesho yake Ebenezeri alifungua simu akamkuta Hilaria amekaa dirishani, kifua wazi, mtoto kifuani. Akazima. Aliizima kweli. Akaosha masufuria, akamkaripia mwuza nyanya bila sababu, akapanga viti vilivyokuwa vimeshapangwa. Halafu akarudi akawasha.

Alijiambia haangalii mwanamke, anaangalia uzazi. Maana ndani ya nyumba ile ile, miaka mingi nyuma, Winfrida alilelewa uzazi wa Stella. Mama alimlaza, akamkataza hata kushika ufagio. Asubuhi mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, mchana mlaso, ile damu ya ng'ombe iliyopikwa kwa maziwa na siagi, jioni mtori tena, mpaka mashavu ya Winfrida yakang'aa na majirani wakawa wanamtania kwamba hataingia mlangoni. Wanawake walikuwa wanapanda kwa zamu na vyungu vichwani. Hakuna Mchagga anayesikia kuna mzazi mahali akaenda mikono mitupu, na hakuna anayesikia akakaa kimya. Hiyo iko kwenye damu kuliko hata salamu.

Ebenezeri aliyakumbuka hayo kila alipofungua simu, na kila alipoyakumbuka alifungua tena. Siku zikapita hivyo.

Jambo likaharibika kwa sababu ya chakula. Maduhu alikuwa mume mzuri, hilo lazima lisemwe. Alifua nepi, alibembeleza mtoto kwa nyimbo za Kisukuma, aliamka wa kwanza. Lakini kupika hakujaliwa. Mchana mmoja alikata ndizi mbichi pamoja na vipande vya maganda, akatupia nyanya na pilipili, akachemsha, halafu akaziponda kwa kitako cha kikombe. Ebenezeri, mpishi wa miaka yote ile, aliangalia kwenye simu akawa anaumia kama mtu anayeangalia gari lake linagongwa.

"Hii ni nini?" Hilaria aliuliza.

"Mtori."

"Nani kakufundisha?"

"Simu."

"Simu imekudanganya, baba. Huu ukimpa ng'ombe anahama."

Wakacheka wote wawili mpaka mtoto akaamka. Halafu Hilaria akanyanyuka, polepole, mkono mmoja kiunoni kama mtu ambaye mshono bado unamvuta, akasogea kwenye kaunta, akachukua kisu, akaanza kumenya ndizi mwenyewe.

Mzazi. Anamenya ndizi. Jikoni kwa mama.

Mkono wa Ebenezeri ulipiga simu kabla kichwa hakijauliza.

"Ndelilio! Kuna mzazi kwenye nyumba ya mama, na wewe umekaa!"

"Mzazi? Mzazi gani?"

"Huyo mgeni. Ana mtoto mchanga. Anamenya ndizi mwenyewe sasa hivi, na mshono haujapona! Pika mtori wa maana, chukua maziwa, nenda."

"Nani kakuambia?"

"Nimesikia."

"Umesikia uko Rau, mimi niliye ng'ambo ya mfereji sijasikia?"

"Ndelilio, utapika au hupiki?"

"Napika! Mungu wangu, na mimi nimemwachia mzazi mashuka mawili tu. Watu watasema kwetu hakuna mwanamke."

Akakata simu. Ebenezeri akajisikia vizuri kuliko alivyojisikia kwa muda mrefu. Alimwambia Winfrida awapokee wateja, akavuta kiti, akakaa na simu yake kungoja, kama mtu anayengojea harusi.

Na kweli dada yake alikuja. Mlango ulifunguliwa, Ndelilio akaingia na chungu kichwani, chupa ya maziwa mkononi, kanga mpya begani, vigelegele vimemtangulia. "Hongera mzazi! Hongera mama! Karibu mtoto kwenye nchi ya ndizi!" Alikuwa amelowa magoti kwa nyasi, amekimbia. Ebenezeri alicheka peke yake. Ilikuwa kama anamwona mama yao mwenyewe.

Halafu akauona uso wa Hilaria.

Hilaria alikuwa amemkumbatia mtoto, amemfunika kwa shuka, amerudi nyuma mpaka mgongo umegusa kabati. Shikamoo aliitoa, maana malezi ni malezi, lakini ilitoka kama uji uliolala.

"Nani alikuambia nina mtoto, mama?"

"Kaka yangu! Mwenye nyumba. Amenipigia sasa hivi, yuko Rau, kanigombeza mpaka nimekosa pa kuficha uso."

"Rau. Yeye kajuaje?"

"Kasikia. Si unajua watu. Kasema, 'Anamenya ndizi mwenyewe na mshono haujapona,' ndiyo nikakimbia hivi, sijavaa hata..."

Ndelilio alinyamaza katikati ya sentensi. Alikuwa ameona kisu kwenye kaunta na ndizi iliyomenywa nusu. Hakuwa mjinga. Ebenezeri, nyuma ya kaunta yake, aliisogeza simu karibu.

Maduhu ndiye aliyeanza kutafuta. Aliangalia taa. Aliangalia kwenye soketi, akapapasa juu ya kabati, akainua picha ya zamani ya mama na baba wakiwa kanisani, akairudisha kwa heshima. Kisha akageuka. Uso wake ukasogea, ukakua, ukajaa kioo chote cha simu, macho mawili makubwa yakimtazama Ebenezeri. Halafu giza.

Baada ya muda simu iliita. Ndelilio hakusema kaka.

"Ebenezeri. Panda huku."

Alipanda. Winfrida aliuliza kuna nini akajibiwa, "Nitakuambia." Njia nzima hakuwa na la kujitetea, kwa hiyo alipofika Marangu alipitia uani, kwenye ua wa masale unaopakana na jirani, akakata jani moja, akalifunga fundo. Kwa Wachagga jani la sale ndilo linaloomba msamaha mahali mdomo unaposhindwa. Ukiletewa sale hulikatai. Watu wamesameheana damu kwa jani hilo.

Aliwakuta barazani. Mabegi yalikuwa yamefungwa. Saa ya ukutani ilikuwa mezani, mgongo wazi, na vidude vyake vimetolewa kama matumbo ya kuku. Hilaria amekaa, mtoto amefunikwa kabisa. Ndelilio amesimama pembeni, mikono imefungwa ndani ya kanga.

"Nakuuliza mbele ya mume wangu, baba," Hilaria alisema. "Umeniona?"

"Nimekuona."

"Nikinyonyesha?"

"Ndiyo."

"Mara moja?"

"Hapana. Mara nyingi. Lakini sikuwa nakuangalia wewe, mwanangu. Nilikuwa naangalia nyumba. Nyumba ya mama ikiwa na mzazi ndani. Unajua mwenyewe..."

"Mimi ni sehemu ya ukuta?"



"Kuna mwingine aliyeona?" Maduhu aliuliza.

"Hakuna. Mimi peke yangu."

"Aliyefunga hii ni nani?"

"Fundi. Antoni, wa mjini."

"Namba ya siri aliiweka nani?"

"Yeye."

"Wewe ukaja ukaibadilisha?"

Mvua ilikuwa imeanza tena, inagonga migomba. Ebenezeri hakuwahi kuibadilisha. Hakujua hata kama inabadilishwa. Alikuwa amejiona yeye ndiye macho peke yake, na sasa alitambua kwamba hawezi kumwapia mwanamke huyu kitu chochote. Labda Antoni hakufungua hata siku moja. Labda alifungua kila siku. Nani angejua?

"Nimemficha huyu mtoto na dunia nzima," Hilaria alisema. Hakupandisha sauti. "Mama mkwe hajamwona. Nikamleta hapa kwa sababu nilifikiri hapa hakuna jicho."

Ebenezeri akatoa jani, akalinyoosha kwa mikono miwili, akainama.

Maduhu akalitazama. "Hili nalo la nini? Kwetu jani tunapika mboga."

"Nyamaza, Maduhu," Hilaria alisema. Aliliangalia lile jani, na kwa mara ya kwanza macho yake yalilowa. "Hili nikilipokea, kwetu yameisha. Na bibi yangu hakuwahi kukataa sale, wala mama yangu. Unajua nini ulichofanya, baba? Umekuja na kitu ambacho siwezi kukikataa. Umenichungulia, halafu unaninyang'anya hata hasira yangu." Akavuta pumzi. "Sitalikataa. Lakini si mimi wa kwanza. Mpe dada yako. Yeye ndiye uliyemtuma na chungu kichwani kwa mtu uliyekuwa unamwiba. Akilipokea yeye, na mimi nimelipokea."

Ebenezeri akageuka kwa Ndelilio. Tangu utotoni, dada yake alikuwa wa kusamehe haraka. Alikuwa anagombana asubuhi, mchana anakuletea parachichi.

"Mdogo wangu," alisema.

"Kila mgeni nilimwambia ajisikie kwao," Ndelilio alisema. "Kila mmoja. Kwa mdomo huu. Wale wazee wa karata, nikawakumbatia. Wewe ukawa unaniangalia nikidanganya watu, na mimi sijui kama nadanganya."

"Nilitaka nyumba iwe hai. Iwe kama enzi za mama."

"Enzi za mama?" Ndelilio alicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya kusikiliza. "Enzi za mama, Winfrida alipojifungua, ulipewa kumwona mkeo lini? Mama alikufukuza mlangoni na mwiko! Mkeo mwenyewe! 'Mwanaume, toka, huku kuna mzazi.' Ukawa unakaa huko kwenye migomba kama mbwa aliyenyeshewa, unasikiliza wanawake wanacheka. Tukakuletea chakula nje. Umesahau? Hizo ndizo enzi za mama, Ebenezeri. Ulikuwa nje."

Hakuwa amesahau. Aliikumbuka hata ile mvua. Alikumbuka alivyosimama chini ya mgomba, maji yanatiririka kwenye jani, na kutoka ndani harufu ya siagi, na sauti ya Winfrida akicheka na mama, na yeye akijua kwamba kwa sababu hakuna anayeingia, basi humo ndani kila mtu yuko salama. Ilikuwa furaha kubwa kuliko aliyowahi kuipata kwenye simu. Na mlango ulikuwa umefungwa.

Ndelilio alilipokea jani. Alilipokea kwa mkono wa kulia, kama inavyotakiwa, akalifunga kwenye pembe ya kanga. Kisha akanyoosha mkono wa pili.

"Ufunguo," alisema.

"Ndelilio..."

"Sale nimepokea, siwezi kukataa, yameisha. Sina neno na wewe, sitakushtaki kwa mchungaji wala kwa ndugu. Ufunguo wa akiba, nipe. Humu mtu mwingine hatalala kwa neno langu, na bila neno langu halali mtu."

Akampa.

Maduhu alibeba mabegi. Hilaria alipopita alisimama mbele ya chungu cha mtori kilichokuwa bado mezani, na mtori ulikuwa mzuri, wa nyama ya kifua, umepekechwa mpaka umelainika, harufu yake ilisikika mpaka getini. Alimeza mate. Mzazi ana njaa muda wote. Akaondoka hajaugusa.

Hivi ndivyo ilivyogharimu. Hilaria alirudi Dodoma siku ile ile, njia ndefu, mvua, mshono haujapona, na uzazi wake aliumalizia kwenye chumba cha ghorofani, kwa chakula cha Maduhu. Hela yake ya mwezi ilirudishwa yote. Watu wa mtandao waliifuta nyumba na jina la Ebenezeri, na hawakujibu alipoandika. Antoni aliapa hakuwahi kuangalia, na kiapo hicho hakimsaidii mtu yeyote. Winfrida alipoambiwa hakugomba. Aliuliza tu, "Alikuwa anafanana na mimi?" halafu akahamia chumba cha Stella mpaka Agosti. Ndelilio anampa kaka yake shikamoo kanisani, anapita. Desemba ndugu walikuja kutoka Mwanza na Dar wakakuta kufuli, wakalala nyumba za wageni mjini, wakakaa siku chache kuliko kawaida. Ukungu umeanza kupanda ukuta wa upande wa jiko. Na Hilaria, aliyekuwa amepata mahali pamoja duniani panaponukia kama kwa mama yake, hana tena mahali hapo.